Kubadilisha Stadi za Gurudumu la Pikapu Nyumbani

Gurudumu la Hilux, D-Max au Navara kwa kawaida limeshikwa na stadi sita, yaani zile bolti zinazofungwa nati. Moja ikikatika gari litaenda tu, na wenye magari wengi huliacha liende: leo mawe ya Ndarugo, kesho mboga za Marikiti, kesho kutwa safari ya ushago. Lakini zile tano zilizobaki zimeongezewa kazi, na itakayofuata kukatika aghalabu ni jirani ya ile ya kwanza. Gurudumu likichomoka Ngong Road saa kumi na mbili jioni, wakati watu wanavuka kwenda soko la Toi au kupanda matatu pale Adams, huenda dereva asiumie hata kidogo. Atakayeumia ni mama aliyetoka sokoni, au mtoto anayetoka shuleni. Stadi si kitu cha kusubiri mwisho wa mwezi.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani. Nyumba nyingi bado zina nafasi ya kuegesha gari mahali tambarare, na vifaa vinavyohitajika si vya ajabu. Ila kumbuka jambo moja tangu mwanzo: stadi nzima haikatiki bure. Ukiweka mpya bila kuondoa kilichoiua ya zamani, utarudi kazini baada ya muda mfupi. Kwa hiyo anza kwa kutafuta sababu.

Soma ilipokatikia

Stadi haibebi gari kama msumari unavyobeba koti ukutani. Nati ikikazwa sawasawa, stadi hurefuka kidogo sana na kuvuta rimu ikabane habu. Mbano huo ndio unaobeba mzigo, kwa msuguano wa chuma na chuma. Nati ikilegea, rimu huanza kucheza, na kila mzunguko wa gurudumu unaipinda stadi huku na huku hadi ufa unaanza ndani ya uzi.

Chukua kile kipande kilichobaki, kipanguse kwa kitambaa, ukitazame kwenye mwanga. Ukiona sehemu kubwa ya mkato ni laini na yenye kutu, ina mistari iliyopinda, na pembeni kuna sehemu ndogo tu inayong'aa na kukwaruza, ujue stadi hiyo ilikuwa ikipasuka kwa muda mrefu. Sababu ni nati iliyolegea, au uchafu na rangi nene kati ya rimu na habu. Ukiona chuma kimekonda karibu na mkato, na uzi umeachana kuliko kwingine, hiyo imekazwa kupita kiasi. Na kama nati ilitoka na vipande vya uzi, iliingizwa ikiwa imepinda, kisha ikalazimishwa kwa mashine.

Hapo pia utajua stadi ngapi za kununua. Ikikatika moja, badilisha hiyo pamoja na majirani zake wawili, maana ndio waliobeba mzigo wake. Zikikatika mbili au zaidi kwenye gurudumu moja, badilisha zote sita na nati zake. Chunguza pia matundu ya rimu. Kama yameliwa na kuwa mviringo wa yai, rimu hiyo imekwisha, na hakuna stadi itakayoiokoa.

Kununua stadi inayofaa

Usiende dukani mikono mitupu. Beba stadi moja nzima kutoka gurudumu hilohilo, au angalau kipande chenye kichwa, pamoja na nati moja. Maduka ya spea ya Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan, yana stadi za karibu kila gari linalotembea Kenya. Muuzaji atakuuliza: "Boss, ni ya mbele ama ya nyuma? Rimu ni ya chuma ama ya spoti?" Maswali hayo yana maana, kwa sababu stadi za mbele na za nyuma za gari moja zinaweza kutofautiana. Linganisha mambo manne:

1. Uzi. Toyota, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 na Ford Ranger nyingi hutumia stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya 1.5. Pikapu nyingi za Nissan, kama Hardbody na Navara, hutumia milimita 12 kwa 1.25. Kwa macho zinafanana. Ijaribu kwa vidole: nati inayofaa huteleza kutoka ncha hadi mwisho wa uzi bila spana. Isiyofaa huingia mizunguko miwili au mitatu kisha inagoma, na ukiilazimisha umeharibu zote mbili.

2. Shingo yenye meno. Chini ya kichwa kuna sehemu yenye meno yanayouma habu ili stadi isizunguke. Pima kipenyo chake kwa venia. Ikipungua hata nusu milimita, stadi itazunguka na nati siku utakapotaka kufungua. Ikizidi, itapanua tundu la habu au kulipasua.

3. Urefu. Stadi fupi haiipi nati uzi wa kutosha kuuma. Kanuni rahisi ni nati ishike uzi wa urefu usiopungua kipenyo cha stadi, yaani kama milimita 12.

4. Ubora wa chuma. Stadi za gurudumu kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha daraja la 10.9. Bolti ya kawaida ya hadweya iliyokatwa ikalingana si stadi, hata iking'aa namna gani. Kimbia pia stadi iliyochomelewa kichwa upya, kwa kuwa moto wa weldingi huondoa ugumu ambao kiwanda kiliutia.

Chunguza nati pia. Rimu za chuma huhitaji nati zenye koni inayokaa ndani ya tundu. Toyota nyingi zenye rimu za aloi za kiwandani hutumia nati zenye shingo na washa bapa. Nati ya koni kwenye rimu ya washa bapa hugusa ukingo tu, hivyo hulegea hata ikikazwa vizuri. Kama uliwahi kubadilisha rimu bila kubadilisha nati, huenda umeshampata mkosaji.

Uwanja na vifaa

Tafuta sakafu ya saruji au kabro. Udongo mwekundu wa huku kwetu, hasa baada ya mvua, hudidimia chini ya jeki taratibu bila wewe kuona. Kama huna sakafu ngumu, weka ubao mpana na mnene chini ya jeki.

Tayarisha: jeki na stendi mbili, wili spana, seti ya soketi, nyundo ya kilo mbili, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, washa nne au tano nene ambazo stadi inapita ndani yake bila kubanwa, nati moja ya zamani isiyo na kofia, grisi kidogo, waya wa kufungia, tochi na miwani ya kukinga macho.

Usitumie jiwe la ujenzi badala ya stendi. Jiwe la Ndarugo lina nguvu ukutani, lakini likibebeshwa gari kwenye sehemu ndogo linaweza kupasuka ghafla. Ukikosa stendi, azima kwa jirani au ahirisha kazi. Hata ukiwa na stendi, lisukume tairi la spea chini ya chesisi, ili kikiteleza kitu gari liangukie tairi na si wewe.

Zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa vizuizi mbele na nyuma. Hili ni la lazima zaidi unapofungua gurudumu la nyuma, kwa sababu itabidi uteremshe handibreki ili dramu itoke. Na usiitegemee gia: gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu huliruhusu lizunguke, na gari linaweza kuondoka juu ya jeki likiwa kwenye gia ya kwanza.

Kufungua gurudumu na breki

Legeza nati robo mzunguko gari likiwa bado chini, kisha inua, weka stendi chini ya chesisi au ekseli, na umalize kufungua. Kwenye baadhi ya lori ndogo na pikapu za zamani, stadi za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume. Ukiona herufi L kwenye ncha ya stadi, geuza mkono kabla hujaikata kwa kuikaza zaidi ukidhani unafungua.

Mbele, kwenye diski. Fungua bolti mbili zinazoshika mabano ya kalipa, uitoe kalipa nzima, na uifunge kwa waya kwenye springi au mkono wa sespensheni. Usiiache ining'inie kwa paipu yake ya mpira. Paipu ikinyongwa inaweza kupasuka kwa ndani pasipo alama yoyote nje, na utagundua siku ya kukanyaga breki kwa ghafla. Kama diski imevaa juu ya habu, itatoka kwa mkono au kwa kugongwa kidogo. Kama diski imefungwa nyuma ya habu, kama ilivyo kwenye pikapu nyingi za zamani, habu yote lazima ivuliwe pamoja na beringi. Kama hujawahi kupanga beringi za mbele, ishia hapo. Mwite fundi aivue, au aje akusimamie.

Nyuma, kwenye dramu. Teremsha handibreki. Dramu ikigoma, tazama usoni mwake: nyingi zina vitundu viwili vyenye uzi, mara nyingi vya bolti ya milimita 8. Ingiza bolti mbili na uzikaze kwa zamu, kidogo kidogo, nazo zitaisukuma dramu itoke. Vumbi la ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Lilowanishe kwa maji na ulipanguse kwa kitambaa utakachotupa. Vumbi la breki ni sumu kwa mapafu, na watoto wa nyumbani wasikae karibu.

Kutoa stadi ya zamani

Zungusha habu hadi stadi unayotaka kuitoa ielekee mahali penye nafasi kwa nyuma, mbali na shuu za breki, springi na kinga ya vumbi. Mara nyingi kuna pembe moja tu ambapo stadi ndefu inapita. Ipulizie mafuta kutoka nyuma, usubiri robo saa.

Kisha igonge kutoka mbele kwenda nyuma, pigo lililonyooka. Stadi ambayo haijashikwa na kutu hutoka kwa mapigo machache. Isipotoka, acha nyundo. Kila pigo linapita kwenye beringi, na beringi iliyopigwa sana huanza kuvuma barabarani baada ya muda. Tumia klampu ya C yenye nguvu, soketi ikiwa nyuma ili stadi iingie ndani yake, na uisukume taratibu. Usitumie moto: joto huyeyusha grisi, huunguza sili na kulegeza tundu ambalo litatakiwa kuishika stadi mpya.

Ikiwa nati inazunguka pamoja na stadi, meno ya shingo yamekwisha kuliwa. Hapo nati lazima ikatwe kwa patasi ya chuma au grainda. Cheche za grainda ziwe mbali na tangi la mafuta na paipu za breki, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Safisha tundu kwa brashi ya waya na ulichunguze kwa tochi. Likiwa na ufa, au likiwa limepanuka hadi stadi mpya inaingia yote kwa kidole, habu hiyo haifai tena.

Kuvuta stadi mpya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Wengine huigonga stadi mpya kutoka nyuma, ikaingia imepinda au isifike mwisho. Stadi mpya huvutwa, haigongwi.

Iingize kutoka nyuma kwa mkono na uizungushe polepole hadi usikie meno yake yakikaa kwenye mifereji iliyoachwa na ya zamani. Kwa mbele, panga washa zile nene, ukizipaka grisi kati ya moja na nyingine ili zitelezeane. Funga nati ya zamani ikiwa imegeuzwa, upande wake bapa ukilalia washa. Usitumie nati nzuri, kwa sababu kazi hii huchosha uzi wake.

Sasa kaza kwa spana ndefu, kwa mkono. Mwanzoni utasikia uzito ulio sawa sawa, kila robo mzunguko kama uliotangulia: hayo ni meno yanayoingia. Kisha, ghafla, uzito unapanda na spana inasimama. Hapo kichwa kimefika. Usiendelee. Piga tochi nyuma ya habu na utazame chini ya kichwa. Pasionekane mwanya wowote pande zote. Stadi ambayo haijakaa hadi mwisho itakaa yenyewe barabarani, na ikifanya hivyo nati yake inalegea siku hiyohiyo.

Mashine ya hewa usiilete kwenye hatua hii, kwa kuwa hukunyima ile hisia ya mkono inayokuambia kichwa kimefika. Kama habu imevuliwa tayari, ni bora zaidi kuipeleka kwenye karakana yenye presi ya haidroliki. Stadi sita huingia kwa dakika chache, zikiwa zimenyooka.

Kurudisha na kukaza kwa kipimo

Rudisha diski na kalipa, au dramu. Bolti za kalipa zikazwe kikamilifu. Kisha, kabla ya jambo jingine lolote, kanyaga pedali ya breki mara kadhaa hadi iwe ngumu. Pistoni ya kalipa ikiwa imesukumwa nyuma, pedali ya kwanza huzama hadi chini, na hilo usiligundue ukiwa unaingia Joseph Kang'ethe Road.

Sugua uso wa habu na uso wa ndani wa rimu kwa brashi hadi chuma kionekane. Kutu na rangi nene zikibaki katikati, hupondeka baadaye na mbano hupungua. Uzi wa stadi uwe safi na mkavu, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vinginevyo. Uzi wenye grisi huiruhusu nati kuvuta zaidi kwa nguvu ileile, hivyo ukadhani umekaza sawa kumbe umeirefusha stadi kupita mpaka wake.

Anzisha kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu au zaidi. Kaza kwa kuruka: moja, kisha iliyo upande wa pili, hadi zote sita, kwa nusu ya nguvu. Teremsha gari, kisha rudia kwa nguvu kamili kwa mpangilio uleule.

Nguvu kamili ni ngapi? Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Pikapu zenye stadi za milimita 12 kwa kawaida huangukia kati ya nyutoni-mita 100 na 135. Spana ya toki hupima hili moja kwa moja. Ukiikosa, tumia mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu hutumia. Iangike kwenye mkono wa spana, sentimita 50 kutoka katikati ya nati, uvute kwa pembe mraba. Kilo 22 na nusu kwenye mizani ni takriban nyutoni-mita 110. Kwa kipimo kingine, gawanya nyutoni-mita kwa 9.8, kisha gawanya tena kwa urefu wa mkono wa spana kwa mita.

Sasa linganisha na kile tunachokiona kila siku: mtu wa kilo 70 anasimama juu ya spana ya nusu mita. Hiyo ni zaidi ya nyutoni-mita 340, mara tatu ya inayotakiwa. Akirukaruka, inazidi hapo. Stadi nyingi zinazokatika hapa mjini huanza kufa kwa namna hiyo, muda mrefu kabla ya siku ya kukatika.

Wiki ya kwanza

Stadi na nati mpya hujikalisha gari linapoanza kutembea. Kaza tena kwa kipimo kilekile baada ya kilomita 50 hadi 100, rimu ikiwa imepoa. Kwa siku hizo endesha mjini bila mzigo mzito. Usipakie tani moja na kuteremka Mai Mahiu kabla ya kukagua. Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu, ili kila asubuhi utambue kwa jicho kama kuna nati iliyosogea.

Ukisikia mgongano wa chuma unaoongezeka na kasi, usukani ukitetemeka pasipokuwa na sababu, au ukiona michirizi ya kutu ikitoka chini ya nati, simama mahali salama na ukague. Nati ikilegea tena baada ya kukazwa mara mbili kwa kipimo, tatizo liko kwenye rimu, nati au habu. Kukaza zaidi hakutalitatua.

Mwisho, linda kazi yako mbele ya mtu mwingine. Utapata pancha, na kijana wa tairi atachukua mashine ya hewa bila kukuuliza. Andika kipimo cha gari lako kwenye kibandiko, ukibandike ndani ya mlango wa dereva, na umwambie kwa heshima: "Fundi, anza na vidole, uache nimalizie kwa spana yangu." Kisha shuka ukakaze mwenyewe. Ni dakika tano, na hapo utakuwa umeondoa sababu iliyokufanya ununue stadi mpya.